Upande wa Ukutani

Asubuhi godoro lilikuwa na shimo tena. Lilikuwa palepale, upande wa ukutani, refu kiasi cha mtu aliyejikunja, na mke wa fundi alipolibonyeza kwa ngumi alizihisi chaga za kitanda chini yake. Godoro lenyewe halikuwa la dukani. Lilitoka kwenye mikono ya mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Usingizi kwa kuwa ndicho alichouza, na ambaye, tusifichane, alikuwa na maringo yake kidogo ya mtu anayejua ni wangapi wanaokoroma kwa hisani yake. Sasa fundi magodoro kulala shimoni ni aibu ya namna gani? Ni sawa na kinyozi kutembea na nywele timutimu.

Usingizi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, shuka begani, akivuta pumzi fupifupi kama mtu anayeonja chai ya moto.

"Sufi imetembea," alisema.

"Imetembea," mkewe akakubali.

Na kweli sufi hutembea. Ukiijaza kwenye mfuko wa godoro bila kuipiga vizuri kwa fito, au ukiacha nyuzi za katikati zikalegea, basi itaanza safari zake usiku, itahamia pembeni, na mwenye godoro ataamka amelalia kitambaa kitupu. Hilo walilijua wote wawili kama wanavyojua majina yao. Kwa hiyo mke alifanya alichokuwa akikifanya kila asubuhi tangu mume wake atoke hospitali: alifungua mshono wa pembeni, akaingiza mkono mpaka begani, akairudisha sufi upande wa ukutani, konzi kwa konzi, akashona, kisha akalipiga godoro lote mpaka likawa sawasawa. Vumbi jeupe likajaa chumba. Usingizi akakohoa, mkono wake wa kushoto umebana ubavu, naye mkewe akasema ni vumbi hilo, nenda kakae nje kidogo.

Alikuwa ameugua nimonia. Ilimlaza hospitali, ikamkondesha, ikamwachia. Alirudi nyumbani na mfuko wa vidonge na maneno ya daktari kwamba vikiisha arudi kupigwa picha nyingine ya kifua. Vidonge viliisha. Kikohozi nacho kikapungua, akasema yeye haoni kwa nini mtu mzima na akili zake aende hospitali kuutafuta ugonjwa uliokwisha kuondoka. Mkewe hakubisha. Alikuwa amechoka kulala kwenye benchi la wodi, na mtu aliyechoka husadiki upesi.

Lililomsumbua yeye lilikuwa jingine, na hakumwambia mtu. Tangu arudi, mume wake alikuwa akimpa mgongo. Walioana wakiwa vijana, na miaka yote hiyo walilala wakitazamana, wakisengenya wateja mpaka mmoja wao apotelee usingizini katikati ya sentensi. Sasa alikuwa akipanda kitandani, anajikunja kuelekea ukutani, na mgongo wake mwembamba unabaki pale kama mlango uliofungwa. Mke alijiuliza kama amemkosea. Labda siku ile alipomwachia wauguzi na kwenda nyumbani kuoga. Labda kitu alichokisema. Mambo kama hayo hayaulizwi hivi hivi, basi asubuhi akawa analipiga godoro kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

*

Homa ilikuwa na saa zake. Asubuhi haikuonekana. Ilisubiri jua lianze kulegea, ndipo ikaingia taratibu kama mgeni aliyeizoea nyumba. Usingizi aliijua kwa baridi iliyomtambaa nyuma ya shingo. Alikuwa anaweka chini mkasi, anasema anapumzika kidogo, na kujilaza juu ya rundo la sufi kwenye kona ya chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa karakana. Huko alizama mpaka masikio.

Ndani ya sufi sauti za barabarani zilififia. Dari ilipanda, ikawa mbali, ikawa haipo. Halafu watu walianza kupita juu yake, kila mmoja amelala kwenye godoro lake, polepole, bila kugusana, mikono imening'inia pembeni. Hakuhitaji kuziona sura. Aliwatambua kwa magodoro. Lile gumu lilikuwa la seremala mwenye nyonga mbovu. Lile lenye kiraka lilikuwa la wale mapacha waliokojoa kitandani mpaka walipoanza shule. Lile la mistari ya bluu alilishona mwenyewe kwa ajili ya mama yake, na mama yake alikuwa juu yake, amelala vizuri kabisa, tena ananenepa. Usingizi alifurahi kumwona. Alitafuta godoro la kupanda na yeye, awafuate, lakini yote yalikuwa yamejaa na hakuna aliyejisogeza. Akajaribu kuita. Pumzi ikafika nusu ya kifua na kugoma hapo. Aliogopa, aliogopa sana, kisha akaamka amelowa kana kwamba amechotwa kisimani, sufi imemganda usoni na kwenye ndevu.

Mkewe alimpangusa kwa kanga. Joto la mchana, alisema baadaye kumwambia jirani aliyeuliza. Karakana haina dirisha la maana.

*

Fundi huyu alikuwa na desturi moja iliyomjengea jina. Godoro likikamilika, hakumpa mteja ovyo ovyo. Alilitandaza sakafuni mbele yake, anavua viatu, na kulala chali juu yake, mikono ameitanua, macho ameyafumba, ananyamaza. Mteja anasimama pale anamtazama fundi amelala. Kisha fundi anainuka kwa mkupuo mmoja na kumwonyesha: tazama, hakuna alama. Watu walikuja na watoto wao kuangalia.

Mama mwenye saluni alifika jioni moja kuchukua godoro lake, la kitanda kikubwa, la mgeni aliyetarajiwa kutoka mbali. Jioni hiyo homa ilikuwa tayari imekwisha kuingia. Mke wa fundi alitaka kusema kwamba leo tusilale, mama ana haraka, lakini Usingizi alishavua viatu.

Alilala chali. Uso wake ukabadilika hapohapo. Alijaribu kufumba macho kama kawaida, mdomo ukafunguka, kifua kikawa kinapanda upande mmoja na upande wa pili umekaa kimya, na kabla hajafika popote alijipindua kwenda kushoto, akajikunja, magoti yakaja tumboni. Akabaki hivyo. Mama mwenye saluni alicheka kidogo akidhani ni utani mpya. Halafu akaacha kucheka. Walimsaidia kuinuka, mmoja huku na mwingine kule, na kwenye kitambaa kipya palikuwa na alama ya jasho yenye umbo la mtu, kichwa, bega, mpaka nyonga.

"Litakauka," alisema Usingizi.

"Litakauka, fundi, usijali," alisema mama mwenye saluni, kwa upole ulioumiza kuliko tusi. Alisema atapita kesho na mtu wa mkokoteni. Kesho hakupita. Jirani ndiye aliyeleta habari kwamba ameonekana akishusha godoro la sponji, na kwamba pale saluni, wanawake wakiwa wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele, inasemwa kuwa yule fundi anakohoa, na nani atalalia sufi iliyokoholewa?

Usingizi aliisikia habari hiyo akiwa anatia uzi kwenye sindano. Uzi ulikataa kuingia, akajaribu tena, ukakataa, akaiweka sindano chini na kujifanya anatafuta miwani.

*

Maneno ya saluni yalimfikia dada yake Usingizi, mshona foronya, mwanamke mwenye mdomo na moyo vyote vikubwa. Alikuja kesho yake asubuhi bila kubisha hodi, akapita moja kwa moja mpaka chumbani, na bahati mbaya godoro lilikuwa bado halijanyooshwa. Alilitazama lile shimo. Akamtazama wifi yake.

"Wifi, kaka yangu ndipo anapolala hapa?"

"Sufi imetembea, wifi."

"Imetembea, na wewe umekaa unaiangalia inatembea. Mgonjwa wa kifua analala shimoni kama kuku anayeatamia. Atapona vipi?"

Mke wa fundi angeweza kusema kwamba mikono yake imeota malengelenge kwa ajili ya shimo hilo. Hakusema, kwa sababu alihisi wifi yake amesema kweli, na ukweli wenyewe ulikuwa na dawa. Hata Usingizi aliitikia kwa kichwa. Wote watatu, watu wa magodoro tangu ujana, waliliangalia godoro lile na kukubaliana bila kikao kwamba hapa ndipo ugonjwa ulipo. Godoro lishonwe upya, lote, na mtu atalala, na akilala atapona.

Ilikuwa siku njema ile, lazima isemwe. Walilitoa godoro nje, wakalipasua, wakamwaga sufi juu ya mkeka. Wanawake wawili waliipiga kwa fito, huku Usingizi ameegemea nguzo akielekeza: hapo bado, hapo geuza. Sufi ilipanda hewani ikaelea kwenye mwanga, haikutaka kushuka. Ilitua kwenye nyusi, kwenye vilemba, kwenye kope. Watu waliopita walipunguza mwendo, na kwa muda hapakuwa na ugonjwa wala saluni. Dada mtu alimtazama wifi yake alivyokuwa mweupe kichwani akasema haya, tumezeeka siku moja wote, sasa nani atamzika mwenzake? Usingizi akacheka.

Kicheko kilimkata. Alishika nguzo kwa mikono yote miwili, mdomo wazi, na hewa haikuja. Ilipokuja ilikuja kidogo, ikiwa na mlio. Fito zilisimama. Sufi nayo ikashuka taratibu, ikawafunika.

"Vumbi," alisema alipoweza.

Walijaza godoro kimya kimya. Walilikaza kwa namna ambayo hawakuwahi kulikazia godoro la mteja yeyote, nyuzi za katikati zikavutwa mpaka kitambaa kikalia, na kwa kuwa mikono ya Usingizi ilikuwa inatetemeka, mkewe ndiye aliyepitisha shazia, ile sindano ndefu, na kufunga fundo kwa fundo. Lilipokwisha lilikuwa gumu kama meza. Dada mtu alilipiga kofi akasema hata tembo akalale.

Asubuhi mke aliamka kabla ya mume wake. Mwanga ulikuwa bado wa kijivu. Alingoja ainuke na kwenda msalani, kisha akapitisha kiganja kwenye shuka, taratibu, kuelekea ukutani. Lilikuwepo. Halikuwa refu kwenda chini kama zamani, lakini lilikuwepo, bega, mbavu, nyonga, palepale.

Alipapasa nyuzi. Mafundo yake yote yalikuwa yamekaza. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku zote hizo: akalala yeye mle shimoni. Alijipanga kama shimo lilivyotaka, akajikuta ameelekea ukutani, magoti juu, mkono wa kushoto umekunjwa chini yake na kiwiko kimeukandamiza ubavu, na uzito wake wote umeukalia ubavu huohuo. Hakuna mtu anayelala hivi kwa starehe. Hivi hulala mtu aliyekumbatia kitu kinachouma ili kisicheze. Alibaki pale akitazama ukuta ambao mume wake aliutazama usiku baada ya usiku, na rangi yake iliyobanduka, na akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Usingizi alirudi akamkuta mahali pake.

"Unafanya nini huko?"

"Ubavu wa kushoto unakuuma."

"Ni hii sufi tu, ime..."

"Sufi nimeifunga mwenyewe," alisema mkewe. "Haina pa kwenda. Vaa viatu."

*

Picha ya kifua iliwekwa kwenye kioo chenye taa. Upande wa kulia ulikuwa mweusi, na mbavu zikionekana moja moja. Upande wa kushoto, kutoka chini mpaka karibu na kwapa, ulikuwa mweupe mtupu. Usingizi alisogeza kichwa.

"Ni sufi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka nusu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kukesha. Hakucheka. Alieleza kwamba ule ni usaha. Nimonia ilipoondoka haikuondoka yote, iliacha uchafu kati ya pafu na mbavu, na uchafu ukajaa, ukalibana pafu mpaka halifunguki. Homa za jioni ni hizo. Jasho ni hilo. Vidonge peke yake haviwezi kuumaliza usaha uliokaa mahali kama pale. Atachomwa ganzi, atawekewa mpira ubavuni, usaha utoke wenyewe kwenda kwenye chupa, na dawa ziendelee kwenye mshipa. Kama angekuja alipoambiwa, ingekuwa kazi ndogo zaidi. Leo bado inawezekana. Wiki ijayo hataki kuahidi.

"Nipe vidonge vikali zaidi, binti yangu," alisema Usingizi.

"Nimekueleza, mzee. Havitoshi."

"Basi niache nikafikirie."

Akaanza kushuka kwenye kitanda cha uchunguzi. Mkewe alimshika mkono, yeye akauchomoa. Huko wodini, mara ile ya kwanza, jirani yake alikuwa kijana mchangamfu aliyewekewa mpira ubavuni. Walizoeana, wakawa wanagawana gazeti. Asubuhi moja Usingizi aligeuka kumsalimu akakuta godoro limekunjwa mara mbili juu ya chuma cha kitanda. Hakuuliza. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye magodoro hahitaji kuelezwa maana ya godoro lililokunjwa. Alirudi nyumbani na picha hiyo kichwani, na hakuna aliyejua anaogopa nini mpaka alipoisema sasa, kwa maneno machache, akiangalia sakafu.

Daktari alisema yule kijana alikuwa na mengine zaidi. Lakini hakusema hutakufa, na Usingizi aliliona hilo. Daktari akatoka kwenda kutayarisha, au kuwapa nafasi, na wakabaki wawili.

Mke hakumbembeleza. Alikaa pembeni yake kwenye kile kitanda chembamba, miguu ikining'inia.

"Nina kosa," alisema. "Kila asubuhi nimeona mahali unapolala. Kila asubuhi nimepafuta. Nimekupigia godoro usoni na vumbi lake, ukakohoa, nikakwambia nenda nje. Mwili wako ulikuwa unanionyesha, mimi nikaona sufi." Akakaza mdomo. "Na nilikuwa nimekasirika. Nilidhani unanipa mgongo."

Nje ya pazia mtu alisukuma kitoroli chenye gurudumu bovu, kikapita kikilia, kikaishia mbali.

"Nilijua," alisema Usingizi.

"Ulijua nini?"

"Kwamba siyo sufi. Tangu siku ya kwanza nilijua, mimi si mtoto, hilo godoro nililitengeneza mimi." Alivuta kipande cha hewa, akasubiri, akavuta kingine. "Lakini nilikuwa nakaa pale kwenye kigoda nakutazama unavyolipiga, nasema moyoni, acha alipige. Akiendelea kulipiga, basi kinachoumwa ni godoro. Nilikuwa naomba iwe godoro, mke wangu."

Hapo ndipo mama huyu alipolia. Hakulia kwa sauti. Alimshika kichwa akakiegemeza begani kwake, kichwa chepesi, kina joto la alasiri, na akamwambia bila kupamba kwamba hataki kukunja godoro la mtu. Hajui kulikunja. Hakuna aliyemfundisha na hataki kufundishwa. Daktari aliporudi na muuguzi na sinia ya vifaa aliwakuta hivyo, akasimama, hakujua kama aendelee.

Usingizi alijipangusa uso kwa kiganja.

"Nilale upande gani?" aliuliza.

Daktari akamwambia alalie ule mzima, wa kulia, na mkono wa kushoto auweke juu ya kichwa. Walimwinulia mto. Alishuka polepole, akisita kila hatua, ubavu mbovu ukabaki wazi juu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, bila kitu cha kuushika. Mkewe alikuwa amevuta kiti upande huo. Nyuso zao zilikuwa karibu. Aliona alivyokonda, macho yalivyoingia ndani, ndevu zilivyoota mvi mpya ambazo hakuwahi kuziona.

"Usiangalie huko nyuma," alisema Usingizi. "Niangalie mimi."

Ganzi iliingia, akafinya macho. Kisha palikuwa na mkandamizo, na daktari akasema usisogee, mzee, usisogee hata kidogo, na mkono wa mumewe ukamkamata mke vidole mpaka vikauma. Alimwangalia yeye kama alivyoambiwa. Lakini sauti ya kitu kinachotiririka kwenye chupa alisikia, na harufu aliisikia, na pembeni ya jicho akaona rangi yake, ya njano nzito, na wingi wake, akashangaa mtu alikuwa anatembea nacho wapi.

"Kinatoka?" aliuliza Usingizi.

"Kinatoka."

"Kingi?"

"Kingi, mume wangu. Bado kinatoka."

Muuguzi alimwambia avute pumzi, taratibu, asiogope. Alivuta. Ilifika pale ilipozoea kugoma, ikasimama, na wote wawili wakaisubiri. Kisha ikaendelea kushuka.